Watu Mia na Arobaini na Mmoja

— Madame ni nani?

Kijakazi kaibwaga bahasha mezani kwangu, pembeni ya chai. Kaikuta chini ya mlango akitokea kazini, kwa wazee anaowatunza. Imeandikwa "Monsieur na Madame Himid", yaani Bwana na Bibi. Na ndoa yetu Jumamosi, hapa hapa Ilford, London.

— Sina mke Ufaransa, Kija.

— Basi bahasha imejiandika yenyewe.

Kijiji ilikotoka barua, huko Ufaransa, nilikaa miaka tisa nikichuma tufaha. Kina meya, kanisa, shule ya darasa moja, na mkate unaletwa kwa gari. Nikahamia London, lakini chumba changu, nilichopanga kwa meya, sikukiacha. Kila kiangazi miguu inawasha, narudi. Kifaransa nakisema, kukisoma sikufunzwa.

— Usiiguse. Aisome mtu mwengine.

Akamwita Serge, Mkongo jirani yangu. Serge akavaa miwani.

— Ni meya, mama. Anasema sensa inakuja tena. Kijiji kina watu mia na arobaini na mmoja. Kwa mzee wameandikwa wawili, yeye na mke wake.

— Umesikia, Himid?

— Ngoja, mama, jina liko hapa. Kijakazi Munir, alizaliwa Wete.

Kija akavuta kiti, akakaa.

— Meya anauliza, huyu mama yuko kweli? Miaka kumi na moja hakuna mtu alimuona. Kama hayuko, watamfuta.

— Mwaka ule tulionana mara moja tu, Himid. Harusini Tottenham, ulipokuja London kutembea. Ukanimwagia mchuzi.

— Karani wa sensa alibisha hodi, akaniuliza naishi na nani. Nikaona haya kusema peke yangu. Likanijia jina lako.

— Kumbe nimekaa Ufaransa miaka yote hiyo bila pasipoti.

Serge akacheka. Kija hakucheka.

— Jina si kitu. Mimi naogopa chumba hicho. Tukikorofishana kidogo tu, macho yako kwenye begi lako la safari pale mlangoni. Mume wa kwanza aliniaga anakwenda dukani, hakurudi. Wa pili wa namna hiyo simtaki.

Na kweli, hata wakati ule nilikuwa nalitazama begi.

— Serge, kalamu unayo? Mwandikie meya kwamba Bi Kijakazi yupo.

Kija akainua uso.

— Ila anakaa Ilford, na mumewe pia. Atufute wote wawili. Chumba apewe mwenye watoto, shule yao isije ikafungwa.

— Una hakika, mzee?

— Andika kabla sijasimama.

Akaandika. Nikatia saini. Kija akaisoma saini ile kama mtu anayekagua samaki, kisha akalinyanyua begi.

— Hili nakwenda nalo kwangu.

— Na nguo zangu?

— Utazifuata Jumamosi.

Nikazifuata. Kule kijijini wamebaki mia na thelathini na tisa.