Anti Aliyeapiwa Forodhani

Boksi lilikuwa na joto. Jepkemei alilipokea pale kaunta ya forodha, asubuhi ya baridi kali ya Nakuru, akahisi joto kama la kitanda alichokuwa amelalia mtu sasa hivi, na bado akalikumbatia. Angesema nini, na uongo ameshauanza?

Mle ndani mlikuwa na mawigi ya nywele za binadamu, aliyoagiza mtandaoni kutoka ng'ambo kwa ajili ya saluni yake ya mtaa wa Rhonda. Ili akwepe ushuru, alimwambia muuzaji aandike kwamba ni zawadi ya Cheruto, binti yake wa darasa la pili. Wenye saluni wengi hufanya hivyo, na hujiona wajanja kweli.

"Mtoto mdogo hivi anatumiwa mawigi?" afisa akauliza.

"Haki ya Mungu, boss, ni zawadi. Imetumwa na shangazi yake. Anampenda huyu mtoto kama wake wa kumzaa."

Kibii, mume wake anayefanya kazi mbali, hana dada. Hajawahi kuwa naye. Lakini Jepkemei aliapa, macho makavu, akabeba boksi lake mpaka kile chumba cha nyuma ya saluni wanamoishi.

Cheruto alipotoka shule, Jepkemei alimsikia akicheka humo ndani. Alipochungulia, mtoto alikuwa amekaa sakafuni kando ya boksi, amesukwa mistari myembamba, safi kushinda kazi ya mamake.

"Nani amekusuka?"

"Anti," mtoto akanong'ona. "Amesema tusiongee kwa nguvu. Hajazoea watu."

Tangu hapo nyumba ikageuka. Ilinuka nywele zilizoungua na jiko halijawashwa. Chanuo lilisikika likipita kwenye nywele, krr, krr, mchana kweupe, chumba kikiwa kitupu. Cheruto akakataa chakula, maana anti ameshamlisha, akakataa kwenda kanisani, maana anti hapendi, akakonda mpaka shingo ikashindwa kubeba zile nywele, ambazo zilirefuka kila alipoamka, zikamfika mgongoni, zikamfika kiunoni, zikivutwa taratibu kuelekea boksini na kitu ambacho Jepkemei hakukiona ila alikisikia kikipumua sikioni mwake kila alipojaribu kumshika mwanawe. Aliogopa. Aliogopa hata kulia.

Akamkimbilia Mama Kuluthum, jirani anayejulikana mtaani kwa kuwasomea watu wenye majini. Mama huyo alifika mlangoni, akanusa, akarudi nje.

"Huyu hakuvunja mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye ulimwapia undugu, ukataja na Mungu. Rudi pale pale ukakane. Sema si zawadi, na hakuna shangazi. Na hizo nywele uwaachie wazichome. Usirudi na hata unywele mmoja. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Nikalie na mtoto."

Kusikia, alisikia. Kushika ndiyo kazi. Alilirudisha boksi forodha, akakana yote kwa machozi, na afisa akamwambia mambo mawili: aache mali iharibiwe, au alipe ushuru na faini aende nayo. Na Jepkemei, mtoto wake akiwa nusu maiti nyumbani, akawawaza wateja wa Krismasi. Tamaa mbele, mauti nyuma. Akalipa, akabeba boksi.

Alimkuta Cheruto ameketi, anakula ugali na maziwa, nywele zake zimerudi fupi kama zamani. Mama Kuluthum alikuwa anatabasamu. Alipoona boksi, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Umeyarudisha?"

"Nimelipa kila kitu, mama. Sasa ni yangu kihalali."

"Ndiyo. Ni yako." Mama Kuluthum alikuwa ameshafika mlangoni. "Mwanzo alikuwa mgeni, na mgeni hufukuzwa. Sasa umemnunua mwenyewe. Mimi sina dawa ya hiyo."

Jepkemei alitaka kumjibu kwa jeuri. Mdomo ukafunguka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa nyororo, ya mwanamke asiyemjua, ikimwita Cheruto aje asukwe. Mikono yake ikachukua chanuo bila kumwuliza. Huko ndani yake alikuwa akipiga mayowe, na hakuna aliyesikia.

Mtoto akaweka kikombe cha maziwa chini, akamtazama usoni.

"Anti," akauliza polepole, "mama ameenda wapi?"