Mjomba Kibwana na Picha Iliyokatwa

Zuhra alikuwa uani akitwanga kisamvu. Mama yake, Bi Mwantumu, alikuwa barazani akichambua mchele. Ilikuwa miaka ile simu za kugusa zilipoanza kuingia Mahege, na kila kijana alitaka ukurasa wake wa Fesibuku. Zuhra naye alikuwa nao. Mbele za watu alikuwa na haya, hata kuitikia salamu alitazama chini. Lakini humo ndani ya simu alizungumza na watu wengi kuliko majirani zake.

Simu ikalia kwenye pindo la kanga. Zuhra akafuta mikono, akaitazama.

Akaona picha ya Mjomba Kibwana, amevaa kanzu, anacheka. Kijana mmoja wa Mbwera alikuwa ameandika: "Mzee wetu ametutoka leo. Allah amrehemu."

Simu nusura imponyoke.

Mjomba Kibwana alikuwa kaka pekee wa Bi Mwantumu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake. Aliishi Mbwera, huko deltani, mto unapoingia baharini. Zuhra akampigia. Hapatikani. Basi, akaamini. Akabonyeza kusambaza habari ili ndugu wa Dar es Salaam wajue, kisha akaenda kwa mama yake huku analia.

Ungo wa mchele ukamwagika.

"Kaka yangu!" Bi Mwantumu alilia. "Nani ataniita Mwantu tena?"

Majirani wakajaa. Mikeka ikatandikwa, masufuria yakatolewa. Dulla, mtani wao, akaja na mzigo wa kuni.

Zamda naye akaja, jirani anayeshona nguo. Yeye alitumia Fesibuku kuonyesha magauni yake. Alimpa Bi Mwantumu pole, kisha akamvuta Zuhra pembeni.

"Nani kakuambia, mdogo wangu?"

"Fesibuku, dada."

"Fesibuku haina mdomo. Aliyeandika ni nani?"

"Kijana wa Mbwera. Na mjomba hapatikani."

"Kule kwenye mikoko simu inashika kila mahali? Kutopatikana siyo kufa. Hebu nione."

Zamda aliitazama picha. "Uliifungua?"

"Si hii naiona?"

"Unaona kipande. Picha ikiwa ndefu, simu inaikata. Iguse."

Zuhra akaigusa. Picha ikafunguka yote. Chini, mbele ya Mjomba Kibwana aliyesimama, alikuwapo mzee mwingine, amekaa kwenye kiti. Alikuwa Mzee Saadi, fundi mashua wa Mbwera.

"Sasa soma na maoni ya watu," Zamda alisema.

Zuhra akasoma polepole. Wengi walimpa pole mke wa Mzee Saadi.

Akageukia barazani. "Nimwambie mama?"

"Bado. Tusimpe habari nyingine ya kukisia. Mpigie mtu aliyepo."

Zuhra alimkumbuka Semeni, mama anayechajisha simu za watu gatini Mbwera. Akampigia.

"Kibwana?" Semeni alishangaa. "Katoka makaburini kumzika Saadi. Yuko hapa, anagombea kichwa cha samaki. Ngoja."

Zuhra alikimbia barazani. Watu wote walimtazama. Safari hii hakutazama chini. Akamwekea mama yake simu sikioni.

"Mwantu," sauti ilisema, "nasikia umenizika bila hata kunipimia sanda!"

Bi Mwantumu alicheka na kulia pamoja.

"Nirudishieni machozi yangu!" Dulla alipiga kelele. "Mtu mwenyewe anakula, mimi nimebeba kuni!"

Zuhra alifuta ile habari. Akaandika nyingine: "Nilikosea. Mjomba Kibwana yu hai. Aliyefariki ni Mzee Saadi. Nisameheni." Ndugu wa Dar es Salaam waliokwisha kufika Mbagala, njiani kuja msibani, akawapigia mmoja mmoja.

Mchele ule haukurudi ghalani. Bi Mwantumu aliufunga, akaenda nao Nyamisati kupanda boti, akaupeleka kwa mjane wa Mzee Saadi.

Tangu hapo, habari ikifika Mahege kwa simu, watu huuliza kwanza: nani kaandika, na nani aliyepo tumpigie? Kisha ndipo husambaza.

Siku moja mjomba alituma picha yake. Bi Mwantumu, ambaye simu alikuwa anaiogopa, alinyoosha kidole mwenyewe akaigusa.

"Ngoja kwanza ifunguke yote," alisema. "Nimwone kaka yangu mpaka miguuni."