Mpigaji wa Kitanda cha Pembeni

Kofi la kwanza halikumshtua mtu, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango. Deeq, dereva wa lori aliyelazwa kwa malaria, mtu mpole wa kushukuru hata akichomwa sindano, aliinua mkono wenye dripu akamzaba muuguzi Ejore kofi lililosikika wodi nzima. Kisha akauliza, machozi yakimlengalenga, nani amempiga kijana wa watu. Kwingine wangejiuliza. Lakini katika hospitali ile ndogo ya Kakuma wauguzi walishatemewa mate, walishang'atwa, walishafukuzwa kwa marungu ya jamaa za wagonjwa, na kila aliyelalamika aliambiwa na wakubwa neno lile lile: vumilia, kazi ndiyo hiyo. Ejore akajipangusa damu mdomoni, akaendelea kugawa dawa.

Sista Akal, mkuu wa zamu, ndiye aliyesikia harufu. Ilitoka kitanda cha pembeni, harufu ya nywele zinazoungua, kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa, ilhali sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi hiyo. Alifungua dirisha, akaenda zake. Wasiwasi wake ulikuwa kwa Rooda, mkalimani wao Msomali. Rooda alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka, baada ya mimba nyingine kuharibika, na Akal alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hakuna mgonjwa atakayemgusa mwanawe.

Deeq alipopona, kitanda kikapewa mzee Adome, mchunga mbuzi aliyeshindwa hata kushika kijiko. Ejore alimwinamia kumpima joto, akamwamkia kwa Kiturkana. "Ejok, mzee."

Mzee akanyakua chuma cha kutundikia dripu, akampiga nacho taya likavunjika, akampiga tena alipoanguka, na tena, meno yakitawanyika chini ya vitanda, na alipoinua uso alisema kwa Kiswahili fasaha ambacho hakuwahi kukijua, "Vumilia, kijana. Kazi ndiyo hiyo." Ejore alikimbizwa Lodwar kwa ambulensi, hawezi hata kulia vizuri.

"Abaayo, dada yangu," Rooda alimnong'oneza Akal mlangoni pa stoo, "umesikia hiyo sauti? Deeq alikuwa anasema hivyo hivyo usingizini. Hawa si wagonjwa wawili. Ni mpigaji mmoja."

"Basi wewe usikanyage wodi tena."

"Na nani atawatafsiria?"

Akal akaomba kitanda kile kitolewe nje. Wakubwa wakamcheka: wagonjwa wanalala chini, na wewe unaogopa kitanda? Mzee Adome akahamishwa, na hapo akalazwa Mustafe, muuza nguo, aliyetapika mpaka akakauka. Hakujua Kiswahili cha kutosha kueleza maumivu yake, na Rooda, moyo wa huruma, akaingia kumsikiliza.

Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini. Akal alisikia chuma kikianguka, akakimbia, akakuta mikono ya Mustafe imemkaba Rooda shingo, kichwa cha binti kikigongwa ukutani, gwi, gwi, miguu yake ikitapatapa na mikono yote miwili ikikinga tumbo badala ya koo. Akal alimng'ata Mustafe mkono mpaka akaachia. Walinzi wakamrukia, wakamfunga kitandani kwa bendeji.

Wakamwita Sheikhdon, mwenye duka la jirani, ambaye husomea wenye majini. Alisoma kwa sauti ya chini mpaka kitanda kikaanza kutetemeka.

"Umefuata nini hapa?"

"Nilitafuta mahali watu wanapigwa na hakuna anayeuliza," sauti ilijibu. "Hapa nimeshiba."

"Utatoka kwa kidole cha mguu." Sheikhdon akawageukia waliosimama. "Na nyinyi, mtu asiguse yeye mpaka yeye mwenyewe aombe maji. Akigusa, amekaribisha."

Akaendelea kusoma, na ile harufu ikapanda mpaka macho yakawasha, na madirisha yakajipigapiga ingawa nje hakukuwa na upepo, na Mustafe akajikunja mgongo bendeji zikikatika moja baada ya nyingine, akapiga ukelele, akaanguka, kifua kikasimama, midomo ikaanza kubadilika rangi, na Sheikhdon alikuwa bado amefumba macho anasoma, na Akal, ambaye maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuona kifua kimesimama akafunga mikono, alinyoosha vidole viwili akavibana kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, kutafuta mapigo.

Yalikuwapo. Yalipiga mara moja, kwa nguvu, chini ya vidole vyake.

Mustafe akapiga chafya. "Biyo," akasema. Maji.

Watu wakashangilia. Sheikhdon akafumbua macho, jasho likimtiririka. "Kuna mtu amegusa yeye?"

Akal aliona haya. Mgonjwa si amepona? "Hakuna," akasema.

Alimchukua Rooda chumba cha wauguzi, akamkalisha, akamsikiliza mtoto tumboni. Moyo wake mdogo ulikuwa ukienda vizuri, na Akal akalia kwa furaha. Rooda naye akalia, akamshika mkono.

"Abaayo, mbona mkono wako una moto hivi?"

Akal alitaka kumjibu. Alinusa nywele zinazoungua, akageuka kutafuta zilipo. Mkono wake ulikuwa umeshainuka, umekunja ngumi, na macho ya Rooda yalikuwa yakiutazama. Akajaribu kuushusha. Ngumi ikatua tumboni, ikarudi, ikatua tena, na Rooda alipoporomoka sakafuni akiita mama yake, Akal alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, taratibu, kwa upole wa mkuu wa zamu:

"Vumilia, mdogo wangu. Kazi ndiyo hiyo."