Rimoti ya Pili

Haya nilisimuliwa na rafiki yangu Zuhra, tunayekaa naye mtaa mmoja hapa Makanyagio. Ilikuwa wiki aliyomaliza eda. Shemeji yake, Bashiru, alifika alasiri kukusanya vitu vya marehemu Halfani ili ndugu wagawane. Zuhra alitamani abaki na kitu kimoja tu cha mumewe, lakini aliona haya kusema.

Bashiru aliunganisha mashine ya gemu ya zamani kwenye TV, aone kama bado ni nzima.

"Shemeji, unajua hii rimoti ya pili ya kuchezea ina maiki? Kuna gemu ukipiga kelele humu, maadui wanakufa. Kaka alikuwa anatuimbia humu, sauti kama mbuzi!"

Zuhra aliendelea kukunja mashati ya marehemu.

Umeme ukakatika. Bashiru akasema atarudi kesho, akaondoka. Pazia lilikuwa limefungwa na chumba kikawa giza. Ndani ya TV iliyozimika, mtu akakohoa. Alikohoa mara mbili, halafu mara ya tatu kwa muda mrefu, kikohozi kilekile alichokisikia miezi yote ya kumuuguza mumewe.

"Pole," Zuhra alisema, kwa mazoea.

"Ahsante," TV ikajibu taratibu.

Asubuhi, kabla Bashiru hajafika, Zuhra alikata kwa kisu cha jikoni waya wa rimoti ya pili, ambao hauchomoki kwenye mashine, akaificha kabatini. Bashiru alipokwisha kuondoka na mashine, aliitoa. Vitundu vya maiki vilikuwa na unyevu wa pumzi. Akavifuta kwa khanga. Vikalowa tena.