Vibarua Thelathini kwa Mashine Moja

Uvumi ule ulimfika Kunegunda akichambua maharage, na tangu siku hiyo haukumtoka kichwani. Jirani yake Emerensiana ndiye aliyeuleta.

"Mama Leticia, unamwacha mtoto aende kwenye ile ofisi ya kompyuta Majengo? Watu wametoka kwenda kula, mlango umefungwa, mashine inafanya kazi peke yake! Nani anaifanya kama si misukule?"

"Nenda zako na misukule yako," Kunegunda alijibu. Lakini alijikuta akichanganya maharage mabovu na mazima.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufungua biashara za kila aina. Asumpta, binti wa parokiani kwao, alikuwa amefungua ofisi ya uchapaji, akamkubali Leticia wa darasa la sita ajifunze bure.

Jioni Kunegunda alipomuuliza bintiye, Leticia alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama jamani! Anti Asumpta anaandika amri, kompyuta inaanzisha programu ndogo tatu. Zinafanya kazi kimyakimya, huku yeye anaandika barua zake. Anaziita vibarua. Hata akienda kula, zinaendelea."

Kunegunda hakuridhika. Jumamosi alibeba bakuli la makande, akaenda kujionea mwenyewe.

Alimkuta Leticia peke yake mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe. Asumpta alikuwa amekwenda posta.

"Shikamoo Mama. Tunatengeneza ripoti za shule yetu, mia mbili na arobaini. Kila kibarua anachukua alama za mwanafunzi mmoja, anajumlisha, anapanga ukurasa, kisha anachukua mwingine. Wazazi watazichukua Jumatatu asubuhi."

"Na umeme wa mgao si unakatwa saa nane leo, mpaka Jumatatu jioni? Vibarua watatu watamaliza kweli?"

Leticia alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano. Anti alikuwa amemwambia atazame tu, asiguse. Lakini mama yake alikuwa pale, anaangalia.

"Nitawaongeza," alisema. Akafuta tatu, akaandika thelathini.

Mashine ilivuma kama kinu cha kusaga. Maandishi yakaganda. Leticia alibonyeza huku na huku. Mwishowe ilipokubali, aliandika amri ya kuwafukuza vibarua wote papo hapo, akawarudisha watatu.

"Kuna nini?" Kunegunda aliuliza.

"Hakuna kitu, Mama."

Leticia alichapa ukurasa mmoja kujaribu. Ukatoka wenye jina la Aidan Komba, na chini yake hakuna alama hata moja. Leticia aliukunja haraka, akausukuma chini ya meza.

Kunegunda aliona. Asumpta akikasirika, mtoto atafukuzwa, na nafasi ya bure haiji mara mbili. Angeweza kunyamaza. Ila alimfikiria mama yake Aidan, Jumatatu, akishika karatasi tupu.

"Itoe hiyo karatasi, mwanangu. Anti wako akirudi, utamwambia mwenyewe."

Asumpta aliporudi, Leticia alisema yote huku akilia. Asumpta aliitazama saa.

"Uliwaanzisha wangapi?"

"Thelathini, Anti."

"Una hakika?"

"Niliandika mwenyewe."

Asumpta alishusha pumzi. "Basi tumepona. Kila kibarua alikuwa na ripoti moja mkononi. Zilizokatwa katikati hazizidi thelathini. Kompyuta inadhani zimekwisha, kwa hiyo inaziruka. Ungenificha, tungechapa zote bila kujua."

Kunegunda alikohoa. "Kule Namtumbo, kwenye tumbaku, kibarua hafukuzwi ana fungu mkononi. Unamwambia: malizia hilo, usichukue jingine."

"Mama Leticia, amri hiyo ipo!" Asumpta alicheka. "Ndiyo niliyokuwa sijamfundisha. Kosa langu pia."

Aliandika amri hiyo. Vibarua watatu wakamaliza walichoshika, wakatulia. Leticia akatafuta majina thelathini yaliyokuwa mikononi mwa vibarua walipofukuzwa, akafuta kurasa zao ili kompyuta isiziruke, akawaanzisha tena watatu walewale. Ukurasa wa mwisho ulitoka saa nane kasoro dakika sita. Taa zilipozimika, wote watatu walikuwa wanakula makande.

"Kuharibu kazi ni jambo la kawaida kwa anayejifunza," Asumpta alisema. "Kuficha ndiko kunakoangusha nyumba."

Jumatatu Leticia aliandika kwenye kipande cha boksi, wakakibandika juu ya mashine:

MAMBO YA KUEPUKA
Usiongeze vibarua kupita nguvu za mashine.
Usimkatize kibarua mwenye kazi mkononi. Mwache amalize.
Usiguse ulichokatazwa, hata mama yako akiwa anakutazama.
Usifiche karatasi iliyoharibika.

Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Kunegunda mwenyewe:

Usibebe uvumi kabla hujaenda kuona.