Remiksi ya Saba

Tak.

Kitufe cha redio kaseti ya betri kilifyatuka chenyewe gizani, kama kinavyofyatuka kanda inapofika mwisho. Ilikuwa saa moja na nusu ya jioni, umeme wa mgao ulikuwa umekatika tangu jua lizame, na Leticia alikuwa amepiga magoti chini ya cherehani akipapasa sakafu kutafuta kibiriti.

"Esta! Umegusa nini huko?"

"Sijagusa, mama. Imejizima."

"Ulikuwa unasikiliza kanda gani?"

"Ile ya mashine. Nimeweka sauti ndogo."

Leticia aliacha kupapasa. Kanda ya mashine ilikaa juu ya kabati, ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na ndugu zake sita. Miaka minne na zaidi hakuna mkono uliozigusa. Kumbe mtoto hukua wakati mzazi anahangaika na pindo za suruali za watu; mkono wa Esta sasa ulifika juu ya kabati.

Wiki hiyo hiyo mtoto alikuwa amerudi kutoka chekechea na swali. "Mama, mwalimu anasema kila mtu ana baba. Wangu yuko wapi?" Leticia alimjibu kwamba yuko mbali, kazini. Halikuwa jibu la uongo. Ila halikumshibisha mtoto, wala yeye mwenyewe.

Kisa cha kanda hiyo kilianzia mfukoni mwa koti.

Mwaka tisini na nne, sokoni Same, marobota ya mitumba yalikuwa yakishuka kama mvua ya masika. Watu waliozoea kupanga foleni ya sabuni sasa walichagua makoti ya Ulaya. Ni miaka hiyo hiyo ambayo mashamba ya mkonge tambarare yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, na wanaume waliotoka mikoa ya mbali wakabaki na mikono mitupu. Sharifa, mwenyeji wa Same ambaye babu yake alifanya biashara kwenye barabara ile ile, alikata kamba za robota kwa kisu, watu wakavamia.

Leticia alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti wa Shighatini kule Ugweno, fundi cherehani kwenye baraza ya Sharifa. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa, chaki imechomekwa nyuma ya sikio. Akachomoa koti jeusi zito, akalivaa, akajigeuza mbele ya kipande cha kioo. Ghafla akahisi mkono mfukoni.

"We kaka! Unatafuta nini mfukoni mwangu?"

"Samahani, dada. Napekua mfuko wa koti, sio wako."

"Na koti limevaliwa na nani? Na mgomba?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akarudisha mkono kifuani kama aliyeungua. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi kola imesimama, na bisibisi imechungulia kwenye mfuko wa shati pale ambapo wengine huweka kalamu.

"Msamehe, Leti," Sharifa alisema huku akicheka. "Si mwizi huyo. Ni Abednego, fundi redio wa stendi. Likifunguliwa robota la Ujerumani, hanunui hata soksi. Anapekua mifuko tu. Mara moja alipata kanda kwenye koti la mvua, tangu siku hiyo akili hazijamrudia."

"Kanda ya nini?"

"Ya makelele."

Leticia akautumbukiza mkono wake mwenyewe mfukoni, akatoa tiketi ya treni na pipi iliyoyeyuka. Akampa pipi. "Chukua, usirudi mikono mitupu."

Abednego akaipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea sadaka. Hapo ndipo Leticia alipocheka, na ukicheka na mtu namna ile, umeshafungua mlango.

Jumamosi yake alikuwa ameketi kwenye kigoda ndani ya kibanda cha Abednego, katikati ya matumbo ya redio, akisikiliza. Vyuma viligongana. Kitu kikasaga. Mtu akapiga kelele kwa Kijerumani toka mbali, kama amenaswa ndani ya pipa.

"Huu ni wimbo au ni ajali?"

"Hii ni Keselweki," Abednego alisema kwa heshima. "Bendi ya roki ya viwandani. Mwalimu mmoja Mjerumani pale chuo cha ufundi aliniachia kanda ya kwanza. Wana wimbo mmoja ambao wameupika upya mara saba. Remiksi ya kwanza mpaka ya saba, kila moja na singo yake, kanda fupi ya wimbo mmoja. Nina tano."

"Unatafuta wimbo ule ule mara saba? Mzee wa Makelele!"

"Funga macho kwanza. Sikiliza hapa... hapa! Hiyo ni korona."

Korona ni ile mashine ya kukamua majani ya mkonge yabaki nyuzi. Baba yake Abednego alitoka Kigoma akiwa kijana, akaisimamia korona ya shamba moja huko chini, karibu na Maore, miaka ishirini na sita, mpaka masikio yakafa. Shamba lilipofungwa, kimya kikamwangusha mzee kuliko kelele. Siku Abednego alipompigia kanda ya kwanza, mzee hakusikia kitu. Aliweka kiganja juu ya spika, akatabasamu. Mwaka ule ule akafa.

Leticia akafumbua macho. Hakucheka tena. Akasema polepole, "Kwa hiyo wameuvunja wimbo, wakaujenga upya na vipande vile vile. Kama mimi na suruali za mitumba."

"Basi wewe ndiye fundi remiksi," Abednego akasema. Tangu siku hiyo akamwita fundi wangu.

Kanda ilipokwisha, Leticia alinyoosha mkono aigeuze.

"Usijisumbue. Singo za kanda ndivyo zilivyo, upande wa pili ni ule ule. Wanaweka pande zote ili mtu asihangaike kurudisha nyuma." Kisha akamwonyesha matundu mawili mgongoni mwa kanda. "Vijino vya hapa huvunjwa kiwandani, mtu asirekodi juu yake. Ukiona tundu limezibwa kwa karatasi, jua kuna mharibifu amerekodi. Mimi hizi zangu? Afadhali nikatwe kidole."

Wakapendana. Leticia alikuwa akisoma masomo ya jioni, anarudia kidato cha nne, na kila jioni akitoka darasani alimkuta Abednego langoni na tochi yake. Remiksi ya sita Abednego aliletewa na mpanda mlima mmoja, mzungu, aliyekuja kutengenezewa redio. Walisherehekea kwa soda moja na mirija miwili. Siku moja Abednego akamwandikia barua ya mapenzi, ukurasa mzima. Leticia, kwa utani wa mtu anayejua anapendwa, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu: *Alama saba kwa kumi. Mwandiko urekebishwe.*

Abednego alicheka. Lakini yeye aliishia darasa la saba, na utani mwingine ni mwiba wa samaki, unaumeza ukicheka na unakaa kooni. Hakuandika tena hata mstari.

Redio za bei rahisi zikafurika kutoka Dubai. Zikiharibika watu wanatupa, hawatengenezi. Kibanda kikafungwa. Akasikia Mwanza viwanda vya minofu ya samaki vinatafuta mafundi wa mitambo, na asubuhi moja ya mwezi wa pili akasimama stendi na begi moja, koti jeusi la Leticia begani kwa sababu ya baridi ya njiani.

"Niandikie," Leticia alisema.

"Ili unipe alama?"

Wakacheka wote wawili, ila macho hayakushiriki. Akampa kopo la maziwa lenye singo sita. "Nitunzie, fundi wangu. Mtu haachi vitu vyake mahali asipokusudia kurudi."

Mwezi mmoja baadaye Leticia akajua ana mimba. Aliandika barua, akaikunja, akaificha ndani ya daftari. Alitaka kwanza asikie neno lolote kutoka kwake, hata hujambo tu. Ikapita miezi miwili, mitatu. Ndipo Sharifa alipokuja mbio kutoka stendi na kifurushi alichokabidhiwa na utingo wa basi. Ndani mlikuwa na kanda, basi. Hakuna barua. Juu ya lebo, kwa mwandiko ule wa saba kwa kumi: *Ya saba. Sikiliza yote.*

Alisikiliza yote. Dakika sita za vyuma, mpaka tak. Hakurudia, na hakugeuza. Angegeuza ya nini?

"Amekamilisha mkusanyo wake, shoga," Sharifa alisema kwa uchungu. "Wewe ndiye kabati."

Neno lile lilimwingia kama sindano ya cherehani kwenye kidole. Akaichana barua yake. Tumbo likakua, masomo ya jioni yakasimama. Baba yake hakusema naye wiki nane, kisha akashuka kutoka Ugweno na mkungu wa ndizi kichwani, akauweka mlangoni, akasema, "Mzazi hula nini humu?" Siku ya kuandikisha mtoto, nesi aliuliza jina la baba. Leticia alikuwa amejiandaa kusema halipo. Akamtazama mtoto, ulimi ukakataa.

"Abednego," akasema.

"Mama," Esta aliita gizani, jioni ile ya umeme kukatika. "Kanda ina karatasi."

"Karatasi gani?"

"Hapa kwenye kitundu. Inateleza."

Kidole cha Leticia kikagusa kibiriti. Akawasha mshumaa, akaichukua kanda mkononi mwa mtoto. Kwenye tundu la mgongoni, lile la upande wa pili, palikuwa na karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa na kushindiliwa vizuri, kazi ya fundi.

Alikosea kuiingiza mara mbili. Akaigeuza. Akabonyeza.

Kwanza ilisikika ngurumo ya mitambo kwa mbali. Kisha mtu akakohoa.

"Leti. Fundi wangu. Shikamoo mwalimu." Akacheka kidogo, peke yake. "Mwandiko wangu unaujua, kwa hiyo nasema kwa mdomo. Ya saba nimeipata kwa Mjerumani aliyekuja kufunga mitambo ya barafu. Nimeisikiliza mara mbili tu, halafu nimeziba tundu. Upande huu nimeufuta. Nimetafuta miaka sita, na sasa nimeiharibu mwenyewe, na moyo wangu umetulia. Hapa makelele ninayo bure mchana kutwa. Ninachokosa ni wewe kunitania. Nataka kuja na mjomba wangu Shighatini kwa baba yako, nilete posa. Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa kumi jioni, nitapiga simu pale ofisi ya simu Same. Uwepo, Leti. Usipokuwepo nitajua ndilo jibu, na sitakusumbua. Najua wewe umesoma, mimi..." Ngurumo ikapanda. "Namba ya kiwandani ni hii, andika." Akaitaja polepole, mara mbili.

Tak.

Esta alimpangusa mama yake machozi kwa upindo wa khanga, kama alivyozoea kupanguswa yeye.

Asubuhi yake Leticia alivaa gauni lile la machungwa, ambalo sasa lilimbana, akamshika Esta mkono hadi ofisi ya simu. Palikuwa na watu wengi, wengine wamekaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Namba ilipopatikana, mtu wa Mwanza akasema ngoja niite. Akangoja, waya ukivuma.

"Haloo?"

"Mzee wa Makelele."

Akajibu taratibu sana, "Leti?"

"Nimesikia jana. Upande wa pili."

"Jana? Leti, nilipiga siku ile. Nilipiga mara tatu. Nilimsikia karani akiita jina lako, Leticia Eliufoo, Leticia Eliufoo, mpaka watu wakamwambia huyo hayupo."

"Wewe uliniambia upande wa pili ni ule ule."

"Mimi?"

"Wewe. Siku ya kwanza. Ukanizuia mkono."

Alisikia pumzi yake ikikatika. "Mungu wangu," Abednego alisema. "Ni kweli. Nilisema."

"Na mimi nilikucheka mwandiko. Nisamehe."

"Ulikuwa mbaya kweli."

Wakacheka, na kicheko kikawafia mdomoni wote kwa pamoja.

"Nimeoa, Leti," akasema. "Mwaka jana, mwezi wa kumi na mbili. Ni mtu mwema."

"Hongera." Aliegemea ukuta. "Mtunze. Singo zako ninazo zote, sikuuza hata moja. Nitakutumia kwa basi."

"Zikae kwako. Hapa nani atazielewa?"

Leticia alikuwa amekata shauri njiani: atasema samahani, ataaga, basi. Kama ameoa, nyumba ya mwanamke mwenzake hataigusa. Lakini Esta alikuwa akimvuta gauni. "Mama, na mimi. Na mimi niongee na simu."

"Nani huyo?" Abednego akauliza.

"Binti yangu."

"Wa miaka mingapi?"

Waya ulivuma, na Leticia alimtazama mtoto aliyemnyooshea mikono miwili. Angeweza kukata. Alijua vizuri mtoto wake hufunzwa nini chekechea, na alijua mtu wa upande wa pili angemuuliza nini, kwa kuwa ndilo swali ambalo kila mtu mzima humuuliza mtoto. Akakumbuka tundu lililozibwa, na miaka yote ya kutokugeuza.

Akainama, akaiweka simu kwenye sikio la Esta.

"Hujambo, mama," sauti ya Abednego ilisikika ndogo, ya kubembeleza. "Unaitwa nani?"

Esta akabana miguu, akanyoosha mgongo kama alivyofundishwa na mwalimu, akasema kwa sauti hata watu wa kwenye benchi wakageuka:

"Mimi naitwa Esta Abednego."