Vidonge vya Bijou

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Machi. Asubuhi hiyo nilishuka ngazi, nikapiga mluzi, na Bijou hakuja.

Bijou ni mbwa. Marehemu mke wangu, Spès, ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo wa kulala ndani ya kiatu. Mimi ni fundi viatu, basi viatu havikukosekana. Spès alikulia Bujumbura, akapenda majina ya Kifaransa. Bijou maana yake ni kito. Nilimwambia, "Mbwa wa kahawia, sikio limechanika, hawezi kuitwa kito."

Akanijibu, "Na wewe Révérien, nani alisema unafaa kuitwa mume? Mbona nilikuita?"

Siku hizo tulikaa hapa hapa Rwanda, bondeni, kwenye nyumba ya udongo yenye ua mdogo. Spès akichambua maharage huku anaimba, Bijou alipigapiga mkia chini kama anayemsindikiza kwa ngoma. Jirani akiugua, Spès alimpelekea maziwa. Mama akijifungua, maziwa. Mtu akilewa vibaya, maziwa. Kwake hakukuwa na ugonjwa usiotibiwa kwa maziwa.

Kisha wakubwa wa serikali wakaamua tuhame. Wakatuleta Busanza, kwenye ghorofa. Walihesabu watu, wakahesabu vyumba. Mbwa hawakumhesabu. Mwaka uliofuata Spès akaugua. Hospitalini tuliambiwa tusubiri dawa ifanye kazi. Tulisubiri, akafa. Tangu hapo mganga akiniambia "subiri", masikio yangu hujifunga yenyewe.

Sasa Bijou hulala chini ya ngazi, juu ya kitenge cha Spès. Sikuwahi kukifua. Kilikuwa na harufu yake, au labda ni mimi niliyedhani hivyo.

Basi Jumanne hiyo nilimkuta amelala hapo. Macho yamefifia, mwili moto. Chakula hakugusa. Jioni damu ikaanza kumtoka puani, tone baada ya tone. Nikaogopa. Nikilitaja jina la Spès, Bijou husimamisha lile sikio lake bovu. Kwenye ghorofa hili lote, hakuna mwingine anayemkumbuka. Bijou akifa, nitaongea na nani habari za mke wangu? Na kuta?

Silvère, jirani yangu wa juu, akampigia simu daktari wa mifugo. Kesho yake akaja kwa pikipiki. Ni binti mdogo, anaitwa Umulisa, alisomea Uganda. Akamfungua Bijou mdomo, akatazama fizi. Akapapasa sikioni, akang'oa kitu kama punje ya kijivu.

"Muzehe, unamwona huyu?"

"Kupe. Mbwa wote wana kupe."

"Kupe akimnyonya damu anaweza kumwachia ugonjwa. Ndiyo maana fizi zimepauka, na damu inatoka puani."

Alichukua damu kidogo, akaenda kuipima. Mchana akarudi na vidonge vya njano.

"Ni homa ya kupe. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mpe pamoja na chakula. Wiki nne, usikatishe. Na kitenge hiki kifuliwe kwa maji ya moto, kupe wanajificha humu."

"Kitenge hakiguswi," nikasema. "Na mbona hakuna sindano? Ugonjwa mkubwa hivi, unanipa vidonge tu?"

"Vinatosha, muzehe. Subiri kidogo, ataanza kula."

Simu yake ikalia. Kuna ng'ombe ameshindwa kuzaa, upande wa Masoro. Akapanda pikipiki, akaenda.

Sikukifua kitenge. Vidonge nilimpa. Nilivisaga, nikavichanganya na maziwa ya moto, kama Spès angefanya. Bijou alikataa ugali, lakini maziwa aliyalamba. Nikafurahi. Daktari amesema chakula, na kwetu chakula gani kinayazidi maziwa?

Siku zikapita. Bijou akazidi kuisha. Mbavu zikaonekana, na miguu ya nyuma ikawa inatetemeka akisimama.

Nikaenda tena dukani kwa Mukasine, anayeuza maziwa hapa mtaani. Mukasine ana mdomo.

"Lita nyingine?" akauliza. "Muzehe, umeoa kimyakimya?"

"Nioe nani? Ni ya Bijou. Anaumwa."

"Yampayinka! Maziwa yangu anakunywa mbwa? Sawa, angalau yeye hakopi."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mimi sikucheka. Nikawaka. Nikasema daktari yule ni mtoto wa shule. Nikasema wakubwa wanatuletea wanafunzi waje kujifunzia kwetu. Nikasema vile vidonge ni unga wa muhogo uliotiwa rangi.

Mukasine akaacha kumimina. "Vidonge unampa na nini?"

"Na maziwa haya haya."

"Eh! Mwaka jana niliugua kifua. Kituo cha afya wakanipa vidonge, wakaniambia nisivimeze na maziwa. Mimi, muuza maziwa! Sijui kama vya mbwa ni hivyo hivyo. Mpigie daktari."

"Simpigii."

"Basi sikuuzii." Akafunika ndoo.

"Mukasine, usinichezee. Mgonjwa wangu ana njaa."

"Na mimi nina hasara. Piga simu."

Nikapiga. Nikaanza kumgombeza Umulisa hata kabla ya salamu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akauliza, "Muzehe, vidonge unampaje?"

"Na maziwa. Si ulisema chakula?"

"Hivi, muzehe, maziwa hapana. Ndani ya maziwa kuna kitu kama chokaa. Ndicho kinachojenga mifupa. Lakini kikikutana na dawa hii tumboni, kinaishika. Dawa haifiki yote kwenye damu, inapita tu na kutoka. Umempa vidonge kila siku, lakini mwili wake haukuvipata sawasawa."

"Mbona hukusema?"

"Ni kweli, sikusema. Nilikuwa na haraka. Na nilijua niko Rwanda, mgonjwa lazima aletewe maziwa. Ilibidi nikwambie. Nisamehe, muzehe."

Kugombana na watu wenye vyeo nimezoea. Kuombwa msamaha nao, hapana. Mukasine alinitazama, akatia maziwa kwenye kikombe, akanipa mimi. "Haya, kunywa wewe. Wewe huna kidonge."

Alasiri Umulisa akaja. Safari hii aliketi kwenye ngazi, simu akaizima. Akafinyanga tonge dogo la ugali na dagaa, akaficha kidonge ndani. Bijou akanusa, akasita, akameza.

"Sasa maji kidogo," akasema, "kidonge kisimkwame kooni kikamchoma."

Kisha tukamkagua Bijou, tukitafuta kupe. Walikuwa ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Nikataka kuwasha kiberiti niwachome.

"Hapana, utamchoma mbwa. Petroli nayo usimpake, ni sumu kwake. Vaa hata mfuko wa plastiki mkononi. Mshike kupe karibu na ngozi, mvute taratibu, moja kwa moja. Usimminye. Mtie kwenye maji ya sabuni. Halafu nawa mikono."

Tulipomaliza, akagusa kitenge. "Hiki ni cha nani?"

"Cha mke wangu."

Akakunjua pindo moja, akanionyesha. Kupe wadogo walikuwa wamejipanga kwenye mshono, kama shanga. "Hatukitupi, muzehe. Tunakifua. Lakini tukikiacha hivi, tunamtibu mbwa mchana, na usiku wanamng'ata upya."

Nilichemsha maji mwenyewe. Nikakiloweka kitenge kwenye beseni, nikakisugua pindo kwa pindo. Maji yakawa meusi kama chai. Nilipokianika kwenye uzio, nikaona ndege wekundu. Nilikuwa nimesahau kwamba kitenge kile kina ndege. Nikaikumbuka siku Spès aliyokinunua kule Biryogo, kwa washonaji. Alikijaribu mabegani, akageuka huku na huku katikati ya uchochoro, watu wakampisha. "Niambie ukweli," alisema. Nikamwambia ndege wamenona. Alinicheka mpaka nyumbani.

Harufu iliondoka, ndiyo. Lakini ndege wamerudi.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja nikashuka, nikamkuta Bijou amesimama, analamba sahani tupu na kunitazama kwa hasira. Nikampa tena. Akamaliza. Damu puani ilikuwa imekoma. Nikataka kuacha vidonge, maana nilimwona amepona. Nilipomweleza Mukasine, akapiga kelele pale dukani, "Alisema wiki nne! Wewe ndiye daktari siku hizi?" Nikaendelea mpaka mwisho. Ugonjwa ule, dawa ikikatishwa, hujificha mwilini na kurudi. Sasa kila jioni ninamkagua masikio na vidole, na kitenge ninakifua kwa maji ya moto.

Vidonge vilipokwisha, Umulisa akaja kupima damu tena. Fizi zilikuwa zimekuwa nyekundu vizuri.

"Amepona, muzehe."

Nikamshukuru. Halafu nikamuuliza lililokuwa likinizuia kulala. "Dawa za watu nazo, maziwa huzishika?"

"Baadhi. Nyingine hazina shida kabisa. Ndiyo maana inabidi kuuliza kila mara."

"Spès nilimpa vidonge vyake vyote na maziwa. Pale hospitalini niliingia na chupa kila asubuhi. Waganga waliiona mkononi mwangu, wakanisalimia. Hakuna aliyeniuliza ni ya nini."

"Vilikuwa vidonge gani?"

Sikujua. Vilikuwa vyeupe.

Umulisa akamshika Bijou kichwani. Wiki hiyo nilikwenda hospitali, nikauliza dirishani. Wa dirishani akamwita mwenzake, mwenzake akamtafuta mkubwa wao. Mkubwa wao yuko mkutanoni hadi leo. Nami sitaki fidia, wala sitaki mtu afukuzwe kazi. Nataka kujua jambo moja tu: vidonge vile vyeupe vya Spès vilikuwa vya namna gani?